Kusoma Nota za Kinanda: Hatua za Kwanza kwa Mwanakwaya Anayeanza



Mwaka jana, tangu Januari hadi Mei, isipokuwa Dominika chache tu, kinanda cha kwaya yetu hapa Bagara kilikaa kimefunikwa kitambaa cheupe. Hakikuwa kimeharibika. Umeme ulikuwapo, spika zilikuwapo, na waimbaji walikuwapo. Aliyekosekana ni mpigaji. Mwalimu aliyekuwa amekipiga kwa miaka tisa alipata uhamisho wa kikazi. Tulimuaga kwa Misa na zawadi, akaondoka na familia yake. Dominika iliyofuata ndipo tulipotambua kwamba ameondoka pia na nyimbo. Alikuwa akipiga kwa kusikia, hakuwa ameandika kitu, na hakuna aliyekuwa amemwomba aandike. Mama mmoja wa sauti ya pili alilieleza jambo hilo vizuri kuliko sisi: "Padre, mwalimu ametuachia kinanda, lakini vidole ameondoka navyo."

Sisi tuliokabidhiwa uchungaji tulidhani dawa ni kuazima mpigaji. Tukampata kijana mmoja wa mjini, akatusaidia Dominika chache za Kwaresima. Lakini ulipofika Mkesha wa Pasaka, kijana huyo alihitajika kwao, kama ilivyo haki. Ndugu wapendwa, mnajua jinsi usiku ule ulivyopangwa. Tangu utenzi wa Utukufu wa Alhamisi Kuu vinanda hubanwa, vikitumika tu kuuwezesha uimbaji, ili utenzi wa Utukufu wa Mkesha ulipuke kwa furaha iliyosubiriwa. Usiku ule kengele zililia, mishumaa iliwaka, waamini wakaimba kwa nguvu zao zote. Kinanda kikabaki chini ya kitambaa chake. Misa ilikuwa halali na takatifu, wala neema ya Mungu haikupungua. Hata hivyo, tulitoka kanisani tukijua kwamba tumezembea jambo lililokuwa ndani ya uwezo wetu.

Baada ya Pasaka tuliamua kuanza upya. Vijana wawili, binti mmoja wa darasa la sita, yule mama wa sauti ya pili, pamoja nasi wenyewe, tuliketi mbele ya kinanda kujifunza kusoma nota. Makala haya yanatokana na safari hiyo. Hatuandiki kama mabingwa, bali kama wanafunzi waliotangulia hatua kadhaa, tukitumaini kwamba vigango na parokia zenye shida kama yetu zitapata pa kuanzia.

Kwa nini kusoma, na si kusikia tu?

Swali hili liliulizwa siku ya kwanza, nalo ni swali la haki. Babu zetu hawakusoma nota, nao waliimba. Wapo wapigaji wengi hodari katika nchi yetu waliojifunza kwa sikio pekee, na hatupaswi kuwadharau. Sikio ni kipaji cha Mungu, na asiye na sikio hata nota hazitamsaidia sana. Lakini kipaji cha sikio hukaa ndani ya mtu mmoja. Mtu huyo akihama, akiugua au akifariki, wimbo huondoka naye. Nota huufanya wimbo uwe mali ya jumuiya, kama vile kitabu cha masomo kinavyolifanya Neno lisomwe hata pale msomaji aliyezoeleka asipokuwapo.

Historia ya Kanisa inathibitisha jambo hili. Katika karne ya 11, Mbenediktini aitwaye Guido wa Arezzo aliona jinsi vijana wa kwaya za watawa walivyoteseka kwa miaka mingi wakikariri nyimbo kwa kumsikiliza mwalimu. Aliweka sauti juu ya mistari, akaipa rangi mistari miwili, mmoja nyekundu na mwingine njano, ili mwimbaji ajue sauti zake zinakaa wapi. Pia alichukua silabi za mwanzo za vifungu vya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, akapata majina ya sauti sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye "ut" ikawa "do", na sauti ya saba ikaongezwa. Guido aliandika kwamba kazi iliyokuwa ikichukua miaka kumi sasa ingeweza kufanyika katika mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana. Ndugu zake wa monasteri hawakufurahia ugunduzi huo, ikambidi ahame. Lakini Papa Yohane wa XIX alimwita Roma, akakitazama kitabu chake, naye mwenyewe akajaribu kuimba kifungu ambacho hakuwahi kukisikia, akafaulu. Ikiwa Baba Mtakatifu hakuona aibu kuketi kama mwanafunzi, sisi tuna udhuru gani?

Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa, nayo ni mjukuu wa kazi ya Guido. Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa Norwich alibuni njia ya kuziandika sauti kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Kwa kuwa haihitaji mistari wala alama nyingi, ilisafiri na wamisionari hadi Afrika. Tuni ya wimbo wetu wa Taifa ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, naye alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa. Kwa hiyo mwanakwaya anayejua solfa asijione mjinga wa muziki. Tayari anacho nusu ya kile anachokitafuta.

Nusu ya pili ni hii: solfa humwambia mwimbaji uhusiano wa sauti, bali kinanda kinataka mahali hasa. "Do" inaweza kuanzia kitufe chochote; lakini mkono hauwezi kugusa "chochote". Mistari mitano huuonyesha mkono kitufe kipi, wakati gani, na kwa muda gani. Aidha, watunzi wetu Wakatoliki wa leo huandika kazi zao kwa mistari mitano kwa kutumia kompyuta. Tovuti ya Swahili Music Notes pekee ina maelfu ya nyimbo za Kiswahili za namna hiyo, ambazo kwaya yoyote yenye simu inaweza kuzipata. Ghala liko wazi. Kinachokosekana ni ufunguo.

Hatua ya kwanza: kukifahamu kinanda

Kabla ya kufungua karatasi, tukitazame kinanda chenyewe. Vitufe vyeusi havikupangwa ovyo: viko viwili viwili na vitatu vitatu, kwa kupokezana. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili vyeusi huitwa C. Kilicho kushoto kabisa mwa vile vitatu huitwa F. Mwenye kuvijua hivyo viwili hapotei tena.

Vitufe vyeupe vina majina saba tu: A, B, C, D, E, F, G, kisha tunarudi A. Piano kamili ina vitufe 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36. Vinanda vingi vya makanisani kwetu vina 61. Katika kinanda cha vitufe 61, C ya tatu kutoka kushoto ndiyo C ya kati. Katika piano ni ya nne. Ikumbukeni, maana ndiyo mlango wa nyumba yote.

Vidole navyo vina namba: kidole gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, na kidogo 5. Ni hivyo kwa mikono yote miwili. Anayeanza aweke gumba la kulia juu ya C ya kati, na vidole vingine vinne vifuate D, E, F, G bila kuruka. Hapo mkono wa kulia una nyumba. Apige do, re, mi, fa, so, akiimba. Tayari amepiga kinanda.

Hatua ya pili: mistari mitano na watakatifu saba

Nota za kinanda huandikwa kwenye makundi mawili ya mistari mitano, moja juu ya jingine. Kundi la juu kwa kawaida ni la mkono wa kulia, nalo huanza na ufunguo wa G, ile alama iliyojizungusha kama konokono. Tumbo lake hukumbatia mstari wa pili kutoka chini, kutuambia kwamba mstari huo ni G iliyo juu ya C ya kati. Kundi la chini ni la mkono wa kushoto, nalo huanza na ufunguo wa F, wenye nukta mbili. Nukta hizo hukaa juu na chini ya mstari wa nne kutoka chini, kutuambia kwamba mstari huo ni F iliyo chini ya C ya kati. C ya kati yenyewe hukaa katikati ya makundi hayo mawili, juu ya kijistari chake kidogo.

Mistari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Nota zinaweza kukaa juu ya mstari au kwenye nafasi kati ya mistari. Ili tusisahau majina, sisi tuliwapa watakatifu saba kazi ya kutulindia herufi: Agnesi, Benedikto, Cecilia, Daudi, Elia, Fransisko na Gabrieli. Hao ndio A, B, C, D, E, F, G.

Katika ufunguo wa G, mistari mitano kutoka chini ni Elia, Gabrieli, Benedikto, Daudi, Fransisko. Nafasi nne ni Fransisko, Agnesi, Cecilia, Elia.

Katika ufunguo wa F, mistari mitano kutoka chini ni Gabrieli, Benedikto, Daudi, Fransisko, Agnesi. Nafasi nne ni Agnesi, Cecilia, Elia, Gabrieli.

Yule binti wa darasa la sita aliikariri orodha hii siku moja, akawa anawasahihisha wakubwa. Yatosha kusema kwamba miongoni mwa waliosahihishwa alikuwamo padre.

Hata hivyo, tahadhari. Orodha hii ni fimbo ya kutembelea, si mguu. Mpigaji anayehesabu "Elia, Gabrieli, Benedikto" kwa kila nota hatafika mwisho wa ubeti. Macho yazoee mwendo. Nota ikitoka kwenye mstari kwenda nafasi inayopakana nao, mkono unaenda kitufe cheupe cha jirani. Ikitoka mstari hadi mstari unaofuata, au nafasi hadi nafasi inayofuata, mkono unaruka kitufe kimoja. Nota zikipanda juu ya karatasi, mkono unaenda kulia. Zikishuka, unaenda kushoto. Nota tatu zikisimama pamoja, zote juu ya mistari mitatu iliyofuatana au zote kwenye nafasi tatu zilizofuatana, hizo ni kama do, mi, so: mkono unaweza kuzishika mara moja, kidole cha 1, cha 3 na cha 5. Kumbe kusoma nota kunafanana na kusoma maandishi. Hatusomi tena "m-a-ma", tunaliona neno.

Hatua ya tatu: "do" iko wapi?

Hapa ndipo mwanakwaya wa solfa anapoonja matunda ya alichokwisha kujua. Mwanzoni mwa kila mstari, baada ya ufunguo, huenda kukawa na alama za shapu (#) au flati (b). Shapu humaanisha tupige kitufe kilicho kulia mara moja. Flati, kilicho kushoto mara moja. Alama hizo pia hutuambia "do" inaishi wapi, kwa kanuni mbili rahisi.

Kanuni ya kwanza: shapu ya mwisho kulia ni "ti". Panda hatua moja, umeipata "do". Wimbo wenye shapu moja, yaani F shapu, "ti" yake ni F shapu, basi "do" ni G. Wenye shapu mbili, F na C, "ti" ni C shapu, basi "do" ni D.

Kanuni ya pili: flati ya mwisho kulia ni "fa". Shuka kwa kuhesabu fa, mi, re, do. Wimbo wenye flati moja, yaani B flati, unashuka B flati, A, G, F. Basi "do" ni F.

Pasipokuwa na alama yoyote, "do" ni C. Kanuni hizi hutaja "do" ya ngazi kubwa. Wimbo wa huzuni wenye alama hizohizo mara nyingi hutulia kwenye "la". Mwenye kujua hayo anaweza kuichukua karatasi ya mistari mitano na kuiimba kwa solfa kabla hajagusa kinanda. Tunashauri afanye hivyo kila mara. Koo likiujua wimbo, vidole hufuata.

Hatua ya nne: mapigo

Kosa kubwa la wanaoanza, nasi tulilifanya, ni kutafuta vitufe sahihi na kusahau muda. Waamini huweza kuvumilia kitufe kimoja kilichokosewa. Hawawezi kuimba na kinanda kinachosimama kila baada ya maneno mawili.

Duara tupu lisilo na mkia, semibrevi, lina mapigo manne. Duara tupu lenye mkia, minimu, lina mawili. Duara jeusi lenye mkia, krocheti, lina moja. Duara jeusi lenye mkia na bendera, kweva, lina nusu pigo. Nukta mbele ya nota huiongezea nusu ya muda wake. Basi minimu yenye nukta ina mapigo matatu. Tarakimu mbili mwanzoni mwa wimbo hutaja mpango wa mapigo: 4/4 ni krocheti nne katika kila kipimo, yaani kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine, 3/4 ni tatu, 6/8 ni kweva sita zinazotembea tatu tatu, mwendo unaofahamika sana katika nyimbo zetu za shangwe.

Tupige makofi kwanza, tukihesabu kwa sauti. Kisha tuyasome maneno ya wimbo kwa mapigo hayo bila kuimba. Kisha tuimbe. Mwishowe tupige. Anayefuata utaratibu huu huona kama anachelewa, lakini ndiye anayefika kwanza.

Hatua ya tano: mikono miwili na sauti nne

Nyimbo zetu nyingi zimeandikwa kwa sauti nne. Kwenye mistari ya juu kuna sauti ya kwanza, mikia yake ikielekea juu, na sauti ya pili, mikia ikielekea chini. Kwenye mistari ya chini kuna sauti ya tatu, mikia juu, na besi, mikia chini. Anayeanza akizitaka zote nne kwa siku moja atakata tamaa. Kijana wetu mmoja alifanya hivyo, akaacha kwa wiki tatu. Tulimrudisha kwa kumbembeleza.

Mpango uliotufaa ni huu. Mwezi wa kwanza, mkono wa kulia upige sauti ya kwanza peke yake. Mwezi wa pili, mkono wa kushoto upige besi peke yake. Mwezi wa tatu, mikono miwili ipige sauti ya kwanza na besi pamoja, polepole mno, vipimo viwili kwa siku. Sauti ya pili na ya tatu zitaingia baadaye, moja baada ya nyingine. Sauti ya kwanza na besi zikiwa imara, kusanyiko linaweza kuimba kwa amani. Ya katikati wataijaza wanakwaya wenyewe.

Dakika ishirini kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Tena, mazoezi yasianzie mwanzo wa wimbo kila mara, maana hapo mwanzo utakuwa mzuri na mwisho utakuwa mchafu daima. Anzia mahali pagumu. Umeme ukikatika, au kinanda kikiwa kimefungiwa ofisini, chora vitufe vya ukubwa halisi kwenye kadibodi, uiweke mezani, uimbe huku vidole vikitembea. Yule mama wa sauti ya pili alijifunza besi ya wimbo mzima kwa kadibodi, jikoni kwake, wakati maharage yakichemka.

Vishawishi vitatu

Cha kwanza ni kitufe cha kuhamisha sauti. Wapo wanaopiga kila wimbo kwa C, kisha wanaiachia mashine iupandishe au kuushusha. Kitufe hicho kina msaada wake pale wanakwaya wanapokuwa na mafua na wimbo uko juu mno. Lakini anayekiegemea tangu mwanzo hatajifunza kamwe, maana kinachosikika si kile anachokiona.

Cha pili ni midundo ya kujiendesha iliyomo ndani ya kinanda. Mashine haisubiri waamini wavute pumzi, wala haijui kwamba padre anamalizia kupokea vipaji.

Cha tatu ni kuandika herufi kwenye vitufe kwa wino. Karatasi ndogo za kubandika zikae wiki mbili, kisha zibanduliwe. Zikibaki, macho yatasoma vitufe badala ya nota.

Tusisahau tunamtumikia nani

Kanisa halijawahi kuliona jambo la vyombo kuwa dogo. Mtakatifu Pius wa X, katika hati yake ya tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Cecilia, alikataza piano kanisani, kwa kuwa wakati ule ilihusishwa na kumbi za starehe. Miaka 60 baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Konstitusio juu ya Liturujia ulikipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa kwa matumizi matakatifu kwa idhini ya mamlaka ya mahali, ukataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe nafasi yake. Mwaka uleule wa 1963, Padre Stephan Mbunga, Mtanzania mwenzetu na mtunzi, alichapisha kitabu Church Law and Bantu Music, juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo mjadala huu si wa wageni tu. Mapadre wetu walikuwa ndani yake tangu mapema.

Maagizo ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia yanakumbusha mambo mawili yanayomgusa kila mpigaji: chombo kiyasaidie maneno badala ya kuyafunika, nacho kinyamaze pale kuhani au mhudumu anapotamka kwa sauti sala iliyo yake. Na katika Kwaresima kinanda hutumika tu kusindikiza uimbaji, isipokuwa Dominika ya Furaha, sherehe na sikukuu. Anayesoma nota bila kujua hayo ni kama msomaji mwenye sauti nzuri asiyejua ni somo la siku gani.

Tunawaomba wazazi wasiwazuie watoto kugusa kinanda kwa hofu kwamba kitaharibika. Kinanda kisichoguswa kimekwisha kuharibika. Tunawaomba viongozi wa kwaya wasimwachie mtu mmoja mzigo wote, hata awe hodari kiasi gani. Kila mpigaji awe na wanafunzi wawili. Na tunawaomba wapigaji wa sikio wasione kwamba nota zimekuja kuwaondoa. Zimekuja kuwahifadhi.

Desemba iliyopita mwalimu wetu alirudi likizo kuwaona wazee wake. Baada ya Misa tulimketisha kwenye kinanda, tukamwomba apige nyimbo zile alizokuwa akituongoza, taratibu, kipimo kwa kipimo. Tulikuwa watano na penseli. Kazi ilichukua jioni tatu. Tulifuta sana, tukabishana juu ya nukta na bendera. Tulipomaliza, tulikuwa na nyimbo tatu kwenye karatasi. Binti wa darasa la sita aliweka moja mbele yake, akaisoma kwa mikono miwili, sauti ya kwanza na besi, polepole, bila kusimama. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama nyuma yake, akatoa kitambaa akafuta macho.

Mkesha wa Pasaka ujao hatutaazima mpigaji. Hatuahidi kwamba utenzi wa Utukufu utapigwa bila kosa. Tunaahidi kwamba kitambaa cheupe kitakuwa kimeondolewa.

Mtakatifu Cecilia, utuombee.